Kibali cha Muda Kimekwisha

Jumatatu, 6 Mei 2024

Mvua tangu alfajiri. Saa nne amekuja Ronald, polisi kata wetu. Nilimfundisha darasa la nne, alikuwa anaandika herufi zinazolalia kushoto. Buti zimejaa tope. "Shikamoo mwalimu." Amekataa kukaa, chai amekunywa kasimama.

Habari yake fupi. Vibali vya muda vya silaha vinafutwa. Mwisho tarehe 28 Juni. Mwenye kibali achague moja – aombe leseni ya kawaida kama watu wengine, au aisalimishe bunduki kituoni. Kuhuisha hakuna tena. Na mimi nimehuisha mara saba tangu baba afariki! Kila mara ni mhuri tu, dakika tano. Bunduki ya marehemu, mimi msimamizi wa mirathi, basi. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi ni mtu wa namna gani.

Sasa wanauliza. Ameniachia fomu ya kurasa sita. Daktari. Maelezo ya mke. Kamati ya kata. Mtihani wa kushika silaha. Na ukurasa wa nne – majirani wawili wanaopakana na mwombaji waeleze wanamfahamu vipi, na kama wana pingamizi.

Mimi napakana na watu wawili tu. Juu ni Mama Priska. Chini ni Eliezeri, mdogo wangu wa tumbo moja. Kwingine ni barabara na mfongo wa maji, na mfongo hautii sahihi.

Ronald kasema, kwako mwalimu hii ni kazi ya siku mbili. Akacheka. Nami nikacheka.

Jumanne, 7 Mei

Leo nimetoa daftari la mwaka jana sandukuni. Nimefungua Jumamosi, 11 Machi. Nimeandika hivi: "Mvua kidogo mchana. Nimeshinda nyumbani. Ng'ombe hajambo."

Uongo. Nimedanganya kwenye daftari ambalo hakuna anayelisoma ila mimi! Miaka thelathini na nne nimewachapa watoto kwa uongo mdogo kuliko huu.

Basi niandike leo.

Siku ile nilitoka kumpa ng'ombe maji, nikamwona Eliezeri mpakani na jembe. Mvua ilikuwa imebomoa ukingo, masale, mimea yetu ya mpaka, yameanguka, anayapanda upya. Nikaona ameyasogeza. Nusu hatua kuingia kwangu. Wiki ile tulikuwa tumeshakwaruzana kuhusu kihamba, shamba la ukoo – alisema baba alinipa sehemu kubwa kwa sababu kalamu ya wosia niliishika mimi. Neno lile lilikuwa bado linaniunguza. Sikumwita. Sikupiga kelele. Nilirudi ndani, nikafungua kabati la chuma, nikatoa bunduki. Nikatia risasi mbili. Mwenyewe, taratibu, kama mtu anayebadilisha betri za redio. Hilo ndilo linalonitisha. Mikono haikutetemeka.

Nikateremka migombani. Nikamwelekezea kifuani. Umbali wa kutoka mlangoni hapa mpaka zizini.

Hakukimbia. Aliweka jembe chini polepole, akasema, "Kaka, Brenda yupo." Maneno hayo tu. Nikaangalia. Brenda, binti yake, alikuwa nyuma yake na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Miaka kumi na minane wakati ule. Alisimama na mzigo wake vilevile.

Nilirudi nyumbani. Mke wangu Beatrice alikuwa kwenye kikao cha wanawake wa usharika. Aliporudi alinikuta namenya ndizi.

Siku chache baadaye, nilipoona hakuna mtu, nilipima kwa kamba kutoka kwenye jiwe la baba. Masale yako palepale alipoyaweka baba. Hayakusogea hata upana wa kidole.

Sijamwambia hilo. Sijamwambia chochote. Tangu siku ile ni "habari" na "nzuri", kama wasafiri. Hakunishtaki kwa mwenyekiti, wala kwa mchungaji. Desemba alipochinja, fungu langu lilikuja kama kawaida. Nikalipokea. Nikala!

Jumapili, 12 Mei

Ibada ya kwanza. Nimekaa mbele, benchi la wazee wa kanisa. Eliezeri siku hizi hukaa nyuma kabisa karibu na mlango. Zamani tulikaa pamoja.

Njiani Beatrice kanisukuma: ile fomu inangoja nini, nenda kwa mdogo wako atie sahihi, mahindi ya shamba la Kahe yanaliwa na nguruwe pori. Yeye hajui. Anadhani tumepoana tu, ndugu wanavyopoana wakizeeka.

Ningeweza kwenda na jani la isale. Ndivyo wazee wetu walivyofanya – ukileta isale mlangoni pa mtu uliyemkosea, hawezi kukukataa. Na ndiyo sababu sithubutu. Miezi kumi na minne sikwenda. Niende leo, jani mkono huu na fomu mkono huu? Atajua nimefuata nini. Hata mimi sitajua.

Laiti ningekwenda Machi ile. Aprili hata. Wakati sikuwa na shida naye.

Ijumaa, 17 Mei

Mjini, kwa daktari. Dokta Rukaya, mama mtaratibu, miwani ameipandisha juu ya ushungi. Macho – yanatosha. Presha – iko juu kidogo. Mikono mbele, vidole vipanue, funga, fungua. Pombe? Nikasema mbege kidogo kwenye sherehe. Akacheka, hiyo wote mnasema kidogo.

Halafu kanipa ukurasa wa tatu nijaze mwenyewe. Swali la kumi na moja: Umewahi kumtishia mtu kwa silaha?

Akaona kalamu imesimama. Akauliza, mzee, hujalielewa? Nikasema nimelielewa.

Nimeandika HAPANA. Kwa mwandiko wangu wa ubaoni, mviringo, safi. Akasema una mwandiko mzuri sana, watoto wa siku hizi hawajui kuandika.

Nimerudi na homa, au nadhani ni homa.

Jumatatu, 20 Mei

Mama Priska ametia sahihi. Hakusoma. Kanikalisha, kanipa mtori, kasema niandike mimi maelezo yeye ataweka dole gumba. Nikamwambia haifai, aseme mwenyewe, mimi nitaandika anayosema. Basi akasema: "Andika huyu mwalimu ni mtu mpole kuliko wote kijijini. Hata kuku wangu akiingia kwake hamtupii jiwe."

Nimeyaandika. Nikamsomea. "Mae! Umeandika vizuri," akaniambia.

Mtori nimeuacha kwenye bakuli.

Jumatano, 22 Mei

Kahe. Joto kule chini, sweta nimelivua kabla ya kufika. Nguruwe pori wameingia tena shambani, mistari minne upande wa mfereji imelala kama imekanyagwa na trekta. Shakiru anayenitunzia shamba anapiga debe kuwafukuza mpaka mikono imechubuka. Kaniuliza mzee bunduki inarudi lini. Tangu Machi ile sijaishusha huku, huwa namwambia ina hitilafu.

Naandika hili ili nikumbuke: shida ni ya kweli. Bunduki naihitaji kwa haki. Shamba hili ndilo linalotulisha mimi na Beatrice. Siombi leseni ya kujivunia.

Kama ningekuwa mtu mwingine, ningestahili.

Jumamosi, 25 Mei

Sijui nianzie wapi. Nimefanya jambo la woga na limezaa.

Asubuhi nilimwambia Beatrice goti linauma. Halikuwa linauma. Nikamwomba anipelekee fomu kwa Eliezeri. Akajifunga kanga, akatoka anaimba kidogo. Nikakaa barazani nachambua maharage ambayo yalikuwa yameshachambuliwa.

Alikaa kule saa nzima. Aliporudi hakuimba. Aliweka fomu mezani, akaiwekea kikombe juu isipeperuke. Nikatazama. Eliezeri ametia sahihi. Kwenye maelezo ameandika, "Ni kaka yangu. Sina pingamizi."

Beatrice kasimama palepale. Akauliza, "Ilikuwa na risasi?"

Sikuuliza nini. "Ndiyo," nikasema.

"Ngapi?"

"Mbili."

Akaondoka kwenda jikoni. Nikasikia anafunika sufuria, moja moja.

Baadaye ndio kaniambia. Eliezeri hakusema neno, alitia sahihi na kumuuliza hali ya goti langu. Brenda ndiye aliyemsindikiza hadi kwenye masale, akamuuliza: mama mkubwa, baba mkubwa ameshindwa kuja mwenyewe? Halafu akamwonyesha – hapa alisimama baba, hapa nilisimama mimi, pale alisimama yeye. Beatrice anasema mtoto alikuwa hatetemeki, alionyesha kama anayeonyesha bomba linalovuja.

"Miaka thelathini na sita," kaniambia, "na mtu wa kunieleza nyumbani kwangu kuna nini ni mtoto."

Nikasema nilitaka kukuambia. Akasema, "Hapana, Baba Elifuraha. Ulitaka nisijue. Sema hivyo."

Nikasema hivyo.

Jumapili, 26 Mei

Beatrice amehamia chumba cha Elifuraha, mkubwa wetu aliyeko Mwanza. Kanisani tumekwenda pamoja. Chakula ananipa. Anasema "karibu". Sauti ileile anayowapa wageni.

Jumatatu, 27 Mei

Hakuna la kuandika.

Alhamisi, 6 Juni

Kamati ya kata leo. Watu sita, meza ya mbao, chupa ya chai. Wanne kati yao nimewafundisha au nimefundisha watoto wao. Basili, mtendaji wa kijiji, alikuwa anasoma fomu yangu kwa sauti huku wengine wanatingisha vichwa. Mwandiko, akasema, tazameni mwandiko! Maelezo ya Mama Priska yakawafurahisha, hasa kuku. Maelezo ya Eliezeri akayasoma, "ni kaka yangu, sina pingamizi," na mmoja akasema ndugu wa zamani walipendana, si kama sasa.

Nilitamani sakafu inimeze.

Kisha wakamwita Beatrice, na mimi nikatolewa nje, ndivyo utaratibu ulivyo. Mke anaulizwa peke yake. Nilikaa kwenye benchi la wanaosubiri barua za utambulisho. Nilijua anasema yote. Nilitaka aseme. La, sikutaka. Yote mawili.

Hakukaa hata dakika tano. Alitoka, akafunga kilemba vizuri, akaanza kupanda njia bila kunisubiri.

Ronald ndiye aliyetoka kunieleza. Alikuwa anaona haya kama vile kosa ni lake. Mwalimu, mama hakukataa. Hakukubali pia. Amesema kuna jibu moja ukurasa wa tatu mume wake anataka kulirekebisha, na akisharekebisha naye atajaza sehemu yake. Wamenipa wiki moja. Ronald akashusha sauti, akauliza ni makosa ya tarehe?

Nikamwambia, nitaangalia.

Hakunisaliti. Amenirudishia kalamu. Ingekuwa rahisi zaidi kama angenisaliti!

Ijumaa, 7 Juni

Nimepata njia. Niliiona asubuhi nikikamua, nikashangaa sikuiona mapema. Nikisalimisha bunduki hakuna fomu. Hakuna ukurasa wa tatu. Mambo yanaisha.

Nimeiteremsha mjini mwenyewe, imefungwa kwenye blanketi la baba, Ronald akinisindikiza kwa gari la kukodi. Ofisa wa silaha pale kituoni ni dada mmoja kijana, mwenye adabu. Kanipokea vizuri mno. Kaangalia mtutu, kahesabu risasi zilizobaki, kaandika. Daftari lake lina mstari mmoja tu wa mwisho: sababu ya kusalimisha.

Nikasema, "Umri."

Akaandika UMRI. Akasema natamani wazee wote wangekuwa kama wewe, wengine tunawafuata mpaka vichakani. Akaita wenzake. Wakanipa mikono. Mmoja akapiga picha, mimi na bunduki ya baba mezani, nimetabasamu. Kwa nini nilitabasamu?

Nimefika nyumbani nimemwambia Beatrice, nimeisalimisha, haipo tena. Alikuwa anapepeta mchele. Akasema vizuri. Akaendelea kupepeta. Halafu, bila kuinua uso, akauliza, "Uliwaambia kwa nini?"

Nikainama kufungua viatu.

"Basi bado unayo," akasema.

Jumapili, 9 Juni

Wamelitangaza kanisani! Ronald alimwonyesha mchungaji ile picha. Mchungaji kasema mbele ya usharika wote kwamba mzee wa kanisa letu ametuonyesha njia, ameweka chini silaha kwa hiari yake. Amesema na neno "amani". Watu wakageuka kunitazama kwa upendo. Kweli, kwa upendo. Niliona Mama Priska anafuta machozi.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa ukafungwa. Sikugeuka. Nilijua ni nani. Nje, baada ya mnada wa sadaka, Eliezeri alikuwa peke yake, ameshika kitabu cha nyimbo alichokiacha Brenda alipotoka.

Eliezeri kanipa mkono. "Umefanya vizuri, kaka." Alimaanisha. Hilo siwezi kulielewa. Alimaanisha.

Jumanne, 11 Juni

Basili amekuja na ombi. Jumamosi kuna mkutano wa kijiji katika shule ya msingi, darasa langu la zamani. Kuna watu bado wana vibali vya muda, na wengine wana magobore yasiyo na karatasi yoyote. Anataka nizungumze dakika kumi. Nieleze kwa nini nilisalimisha, ili nao wajitokeze. "Wewe wakikusikia watakuja, mwalimu."

Nikamwambia nina mafua. Akasema Jumamosi yatakuwa yamepona.

Beatrice alikuwa mlangoni. Alisikia yote.

Alhamisi, 13 Juni

Nimekwenda. Hatimaye nimekwenda, kwa miguu yangu, mikono mitupu. Sina fomu sasa, sina ninachotaka kwake – hivyo nilijiambia. Nilipenya kwenye masale, yamekuwa marefu kuliko mimi.

Eliezeri hakuwepo, amekwenda Kiboriloni kuuza ndizi. Nilimkuta Brenda zizini anakata majani. Panga halikusimama. "Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Nitamsubiri baba yako."

"Atachelewa. Ni kuhusu mkutano?"

"Ni kuhusu ile siku."

"Siku ipi?"

Alijua siku ipi. Alitaka nitamke. Ikabidi nitamke. "Siku niliyomnyooshea baba yako bunduki."

Ndipo akaweka panga chini. "Na mimi?"

Nikalitazama lile panga.

"Mimi nilikuwa nyuma yake, baba mkubwa. Risasi ikitoka kwake ingekwenda wapi?"

Niandike ukweli: sijawahi kufikiri hilo. Miezi kumi na mitano nimejitesa kwa ajili ya Eliezeri, nimemwota Eliezeri, nimemkimbia Eliezeri. Mtoto huyu kwangu alikuwa kitu kilichonizuia. Kama ukuta. Nilidhani kuwepo kwake kulituokoa sote na mambo yakaishia hapo.

Akaniambia, baba alikusamehe jioni ileile. Tulikuwa tunakula. Baba akaniambia na mimi nimesamehe, na tusimwambie mtu, ni aibu ya ukoo. "Mimi sikuulizwa," akasema. "Niliambiwa nimesamehe."

Anasema kwa mwaka mzima amekuwa akifuata majani kwa njia ya juu, mzunguko mrefu, ili asipite dirishani kwangu. Nilikuwa nimeona. Nilidhani ana mvulana huko.

Mei ya mwaka jana alikuwa na mtihani wa kidato cha sita. Alifeli. Wote tunajua alifeli. Na mimi – nakumbuka vizuri, nilikuwa nimeshika kijiko – nilisema mezani mbele ya Beatrice, "Yule mtoto hakujituma." Mwalimu mzima!

Nikamuuliza, ni kwa ajili yangu? Akafikiri. Alinifanyia haki ya kufikiri kwanza. "Sisemi ni wewe. Labda ningefeli tu. Kemia ilikuwa inanishinda. Lakini sasa sitajua kamwe."

Nikasema nisamehe, mwanangu. Nilisema tukiwa wima, na ng'ombe anatafuna katikati yetu. Brenda akaokota panga.

"Unataka nifanye nini?" nikauliza.

"Sijui, baba mkubwa. Ila Jumamosi wasikupigie makofi na mimi nimekaa pale."

"Usije basi," nikasema. Nimesema hivyo! Nilisikia neno likitoka nikashindwa kulirudisha.

Akarudia majani yake. "Nitakuja," akasema.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeandika hotuba mbili. Moja ya nguruwe pori na umri na amani. Moja ya tarehe 11 Machi.

Beatrice amezisoma zote, nilizipanga mezani. Ya kwanza akasema ina kosa la nukta. Ya pili aliisoma amesimama, akaikunja, akaniwekea mfuko wa koti. Nikamwuliza, na usharika? Watanitoa uzee wa kanisa. Ronald anaweza kulazimika kufungua jalada. Akasema, "Anaweza."

Hakuniambia nisome ipi. Lakini koti amelipiga pasi.

Eliezeri kaja jioni, mara ya kwanza ndani ya nyumba hii tangu msiba wa baba umalizike – la, nakosea, tangu Machi ile. Brenda kamweleza nilikwenda. Alikaa kwenye kiti cha baba bila kufikiri. Nikamwambia habari ya kamba na jiwe, kwamba nilipima, kwamba masale yalikuwa sawasawa. Akasema anajua. Aliniona nikipima! Alikuwa nyuma ya banda la kuku. Alingoja nije kumwambia.

Nikamwambia kesho nataka kusema. Akainuka nusu. Kaka, usifanye hivyo, akasema, yameisha, mimi nimeyamaliza. Watanicheka na mimi pia, kwamba nilitishwa kama mwizi kwenye kihamba cha baba yangu nikanyamaza. Na Brenda atatajwa kila kilabu cha mbege kuanzia hapa hadi Kibosho. Je, hilo umelifikiria?

Sikuwa nimelifikiria. Nikifumbua mdomo namuumiza mmoja, nikifumba namuumiza mwingine.

Nikasema nitamuuliza Brenda. Akasema Brenda ni mtoto.

Nikasema, ndivyo tulivyofanya mara ya kwanza, hatukumuuliza.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika hapahapa mkutanini, nimeweka daftari gotini. Watu wanadhani napitia hotuba. Darasa la sita B. Madawati ni yaleyale, watu wazima wamebanana magoti juu. Wanaume nyuma, wengine na kofia mkononi. Nawaona angalau watatu ambao najua wana magobore darini.

Asubuhi nilimuuliza Brenda, mbele ya baba yake, kwenye masale. Nikamweleza aliyosema Eliezeri, habari ya vilabu. Nikamwambia ukisema nisikutaje sitakutaja, ukisema ninyamaze kabisa nitakataa kusimama mbele. Eliezeri alikuwa anatazama chini. Brenda kasema, "Nitaje. Lakini usilie. Ukilia watakuonea huruma wewe."

Ndiyo masharti yake. Nimeahidi. Sijui kama nitaweza.

Basili anaeleza tarehe 28, fomu, kurasa sita, daktari. Mtu anauliza kama majirani lazima wawe wawili. Watu wanacheka. Ronald yuko mlangoni na ile picha yangu ameibandika kwenye ubao, pembeni ameandika kwa chaki MFANO WA KUIGWA. Herufi bado zinalalia kushoto.

Karatasi zote mbili ziko mfukoni. Nazipapasa. Zimelingana unene.

Eliezeri amekuja kuinama sikioni kwangu sasa hivi. "Zungumzia nguruwe pori, kaka. Nakuomba." Ameshika bega langu. Mkono wake ni mzito kama wa baba. Amerudi kukaa.

Brenda yuko dawati la mbele, karibu na dirisha. Nafasi ya pembeni yake ilikuwa wazi. Beatrice alikuwa amekaa na wanawake wenzake, nimemwona anainuka, anaomba njia, anakwenda kukaa pale. Hawaongei. Wamebanana tu, dawati ni dogo.

Basili anasema, na sasa mwalimu wetu. Makofi yameanza kabla sijasimama. Yanazidi. Mama Priska anapiga kigelegele. Eliezeri anapiga kwa nguvu kuliko wote, huku ananitikisia kichwa – usiseme. Wale wawili mbele mikono wameiweka juu ya dawati, wanangoja.

Basili ananiita mara ya pili. Natoa karatasi ya tarehe 11 Machi, nasimama.